Kompyuta Iliyoogopa Jina la Mzee

"Mama, majina yote ya dunia hii, ukaona umpe fundi hilo?"

"Nimpe lipi sasa? Alitaka neno refu kidogo, ambalo halimponyoki mtu mdomoni. Nikazungusha macho nyumba nzima, nikaona ni hilo tu. Wewe hata wakutie kwenye mafuta ya maandazi hulitaji."

"Ndiyo! Silitaji! Na kuandika ni kutaja kwa vidole! Jioni hii chuo kinafunga dirisha, mama, na mimi niko nje ya duka langu mwenyewe!"

La kujibu nilikuwa nalo, mimi sijawahi kukosa. Lakini Sekela alikuwa analia, na Sekela si mtu wa kulia.

Ni mke wa mwanangu Yonathani, yule wa malori ya Zambia. Siku alipoolewa hapa kwetu Ileje, mzee wangu alitokea ghafla kwenye njia ya kisimani. Sekela, na ndoo kichwani, akaruka korongo, akatua ng'ambo kwenye mibuni, hata tone halikumwagika. Anayebisha akaliulize korongo. Kwetu Wandali ndivyo ilivyo: mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala jina lake halimtoki. Mume wangu ni Gwalugano, na ndani ya jina hilo mmekaa neno letu la upendo. Basi kanisani kwaya ikifika kwenye upendo wa Mungu, Sekela hufumba mdomo, anawaacha wenzake wapite, halafu anawadaka mbele.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, muuguzi mmoja hakumwachia mkono mpaka mwisho. Tangu hapo akasema na yeye atakuwa kama yule. Akafungua kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, huku anasoma. Sasa chuo cha uuguzi kimemchagua, kilichobaki ni kuthibitisha nafasi kwa kompyuta. Asipothibitisha leo, anapewa mwingine.

Na kompyuta huku ni hiyo moja. Simu bondeni hapa hazishiki kitu, mtandao unatoka kwenye boksi lililofungwa juu ya mlingoti. Ulikuwa wazi, kila mtu anachota. Jirani yetu Osea ndiye aliyezidi, anaegemea ukuta wetu anatazama mpira mpaka kifurushi kinakata roho. Mimi niliona hata ng'ombe wa Malawi wanavuka mto Songwe kuja kulala chini ya dirisha letu, na hawakuja kwa ajili ya majani.

Ndipo asubuhi tukamwita fundi Jofrey wa Tunduma. Akachomeka kwenye kompyuta kidude kipya, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho kinachonusa mtandao kutoka kwenye boksi. Halafu akaliwekea boksi ufunguo wa neno moja. Alisema kuanzia sasa maneno yatasafiri hewani yamevurugwavurugwa, asiye na ufunguo ataambulia makapi. Sekela alikuwa kisimani, ufunguo nikautaja mimi: jina la mzee. Mara gari la Tunduma likapiga honi, Jofrey akakimbia huku anapaza sauti, "Mwambieni aandike hilohilo kwenye kompyuta!"

Mimi kusema naweza. Kuandika sijui, shule niliiona kwa nje.

"Bibi!" Osea akachungulia dirishani. "Nipeni mimi niandike, dakika moja tu!"

"Fisi kajitolea kulinda mbuzi! Sogea hapo nikumwagie maji ya vyombo!"

Akapotea. Nikamtazama Sekela anavyofuta macho kwa kanga, nikaona utani wangu umepita kiasi. Nikaenda ghalani. Nikarudi na gunia la kahawa ambalo mzee amelipiga jina lake kwa rangi nyeusi, nikalitandaza mezani.

"Geukia ukutani," nikamwambia. "Mimi sisomi, lakini macho ninayo."

Ya kwanza kama mundu. Nikausaka mundu kwenye vile vitufe, nikaupata, nikaubonyeza. Iliyofuata kama meno ya mamba. Kisha paa la nyumba, kisha jembe lililosimama, kisha chungu kisicho na kifuniko. Mundu tena. Paa tena. Ile yenye mgongo uliovunjika. Mwisho yai. Jasho lilinitoka, ningelikinga lingemwagilia bustani.

"Tayari."

Sekela akapapasa kitufe cha mwisho, akakibonyeza, akatupa jicho kwenye kioo. "Imekataa, mama. Inasema siyo."

"Haimjui mzee?"

"Fundi aliandikaje? Zote kubwa, kama za kwenye gunia?"

"Aaa. Alisema ya kwanza kubwa, zilizobaki ndogo. Akasema nisisahau kukuambia."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Ulikuwa unalia, ningekukatiza vipi?"

Akataka kukasirika, mdomo ukamsaliti, akacheka puani. Lakini kumbe hiyo kubwa inataka vitufe viwili kwa pamoja, na mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika gunia lisiteleze. Sekela akafikiri. Akarudi kinyumenyume, uso bado ukutani, akapapasa mpaka akakipata kitufe cha pembeni.

"Mimi nashika ukubwa tu," akasema. "Herufi ni yako, mama. Mungu anaona."

"Anaona, na anacheka."

Tukabonyeza. Nikamaliza zilizobaki, mpaka yai. Akageuka taratibu, viganja usoni, anachungulia kati ya vidole. Halafu akashusha mikono.

"Mama, tazama! Hata yenyewe haijaliandika. Imeweka vinukta tu."

"Imelelewa vizuri hiyo. Nayo imeolewa hapa."

Akagusa kitufe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mara ile michirizi ya mtandao ikasimama yote, na kakufuli pembeni. Sekela akafungua ukurasa wa chuo, akabonyeza huku na huku, mwisho akanisomea: nafasi yake imethibitishwa. Kisha akakaa chini sakafuni, akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mimi nikashusha pumzi, na pumzi hiyo ikafunua kalenda ya ukutani kutoka Agosti mpaka Desemba.

"Haya nesi," nikamwambia. "Siku mzee akiletwa wodini kwako, wagonjwa wamejaa kwenye benchi, utamwitaje?"

"Nimeshafikiria hilo, mama."

"Enhe?"

"Nitasimama mlangoni, nitasema hivi..."

Mlango ukasukumwa. Mzee Gwalugano akaingiza kofia kwanza, halafu fimbo, halafu yeye mwenyewe.

"Nani kachukua gunia langu?"

Sekela alikuwa ameshaingia chini ya meza.