Kufuli Mbili Kisiwani: Safari ya Kumtafutia Solange Shule

Safari hii sikuitaka. Matokeo ya mwaka wa tatu wa sekondari yalipotoka, binti yangu Solange alikuwa amefaulu, tena vizuri, na serikali ikampangia mchepuo wa sayansi katika shule ya bweni kisiwani, huko ndani ya Ziwa Kivu. Majirani zangu wa Mbugangari wakaja kunipongeza, nami nikawa nacheka kwa meno tu. Mtoto anataka uuguzi tangu bibi yake alipofia kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa. Kisiwa hicho nilikuwa nakisikia kwa samaki, sijawahi kukisikia kwa wauguzi. Nikasema kabla hajaripoti tutazitazama shule kwa macho yetu. Kuhama kunaruhusiwa, mradi shule unayoitaka ikubali kukupokea.

Asubuhi tulianzia hapa hapa mjini Gisenyi, kwenye shule ya serikali ambayo kila mzazi anaililia. Tukiwa tunamsubiri katibu, tuliona kupitia dirisha wanafunzi waliovaa makoti meupe wakimimina vitu kwenye vioo na kupiga kelele. Mmoja akaangusha chupa ikavunjika. Mwalimu akamwambia akalete ufagio, somo likaendelea. Solange aliganda pale dirishani mpaka nikamvuta mkono.

Katibu, mama mmoja mnene mwenye sauti tamu, hakutukaribisha hata kiti.

"Mama, place haiko. Balishajaza."

"Nani amejaza nafasi? Matokeo si yametoka juzi?"

"Eh, mama, we unauliza sana." Akarudi kwenye karatasi zake.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilitoka pale nimefura, nikamwambia Solange asitazame nyuma, naye akatazama.

Adhuhuri tukapanda pikipiki mbili hadi Cyanzarwe, kule juu mpakani mwa Kongo, mashamba ya vitunguu katikati ya mawe meusi ya volkano. Shule ni ya kutwa. Mwalimu mkuu, mwanamke aliyerudi kutoka Kongo kama wengi wa huku, na kwake 'wana' ni 'bana', alitupokea kwa viazi vya kuchemsha na chumvi, akaketi nasi akala.

"Mi sikudanganyi, mama," alisema. "Sayansi haiko huku. Tuko na histoire na lugha. Bana bangu bako na akili, lakini siku ya soko nusu banavuka kuuza vitunguu ngambo."

"Huwezi kuomba sayansi ianzishwe?"

"Naombaga maji, mama. Maji kwanza."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Tukirudi kwa miguu kuifuata lami, Solange akasema walimu wa pale wanaonekana wazuri, naye angeweza kulala nyumbani. Nikamkaripia: "Uuguzi utausomea kwenye vitunguu?" Roho iliniuma, maana mtoto alikuwa ananionea huruma mimi.

Kesho yake tukashuka Rubona kutafuta boti ya injini. Bandari ilinuka sambaza, dagaa wa ziwa hili, na kimea cha kiwanda cha bia. Ziwa lilikuwa na baridi, nikavaa koti langu jeusi la kanisani, nikafunga vifungo vyote. Laiti ningelijua koti lile litanifungulia milango gani.

Mchana tukafika kisiwani. Kilima kimesimama wima, maharage na migomba mpaka ukingoni mwa maji, na shule iko kileleni. Mkuu wa shule akashuka hadi nusu ya njia kutupokea. Nikamsalimia kwa Kiswahili changu, cha Karagwe, kwani huko ndiko nilikozaliwa wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Huku kwetu Kiswahili cha namna hiyo watu wamezoea kukisikia kwa askari na wakubwa. Yule bwana akaweka kola sawa.

"Karibu sana, mukubwa! Karibu! Tuanzie maabara?"

Nikadhani ndiyo desturi yao kwa wageni. Akafungua kufuli mbili, akasukuma mlango. Jamani! Hadubini zimepangwa mezani, vioo vya kila umbo, chupa za dawa zenye maandishi, vyote vinang'aa, hakuna chenye doa. Niliona aibu kwa yote niliyoyafikiria juu ya kisiwa kile. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Solange ndiye aliyeuliza: "Wanafunzi wanaingia humu siku gani?"

Mkuu akacheka kidogo. "Bon, na huyu ni nani?"

"Ni mwanafunzi wako," nikajibu. "Nami ni mama yake."

Uso ukamshuka. "Yoo! Mi nilizani uko mutu wa inspection, mwenye anakuja kukagua." Akatutoa nje kwa adabu, akafunga kufuli ya kwanza, akafunga ya pili.

Nilitegemea atukaripie. Badala yake aliketi kwenye ngazi, akajifuta jasho.

"Mama, ile vitu yote ni mi nilisaini. Mukubwa mwenye alinitangulia, kioo moja ilipasuka, bakamuandikia barua juu ya barua, bakamuhamisha. Hakuna mutu alimuuliza bana bamejifunza nini. Donc, mi nafunga."

"Na watoto?"

"Banaangalia picha kwa kitabu."

"Yaani mwalimu mzima unalinda vioo, watoto unawaacha!"

"Ndiyo," akasema. Ndiyo tu. Afadhali angenitukana.

Jioni, kwenye boti ya kurudi, nililia kwa hasira na wala sikujificha. Waliosema penye nia pana njia hawajawahi kukutana na kufuli ya serikali. Nilitoka nyumbani nikiamini shule moja ina kitu na nyingine haina, basi kazi ya mzazi ni kutafuta. Nimejifunza kwamba kitu kinaweza kuwepo, kikahesabiwa, kikaonyeshwa wageni, na mtoto asikipate. Solange akanifunika mabega kwa kitenge chake.

"Nitakwenda kisiwani, mama. Kule kwenye vitunguu sayansi haipo hata ya picha."

Sikuwa na shule ya nne ya kumpa. Tukanunua godoro na ndoo, akaenda.

Jumapili iliyopita alinipigia kwa simu ya matroni. Sauti imejaa furaha, maneno yanakimbizana. Amekuwa wa kwanza darasani katika kemia. Nikamuuliza wamempa zawadi gani.

"Wa kwanza ndiye anayefuta vumbi maabara kila Ijumaa, mama! Mkuu anasimama mlangoni ananiangalia. Nimeishika hadubini, mama, kwa mkono wangu!"

Nikamwambia hongera, mwanangu. Ningesema nini?