Jibu Kutoka Viti vya Nyuma

Nianze kwa kujisifu, maana nikingoja kusifiwa nitazeeka bure. Katika Stockholm yote ya miaka ile hakukuwa na mtu aliyeweza kuitafsiri sinema ya Kiswidi kwa Kiswahili, papo kwa papo, mashine ikizunguka, akanishinda mimi. Na kazi hiyo sikujifunzia Ulaya. Niliianza nyumbani, Upare, kwenye gari la sinema la serikali lililopita vijijini na picha za Kiingereza za kulima pamba na kuua mbu. Nilisimama kando ya pazia na kipaza sauti, nikasema kwa Kiswahili kila kilichosemwa mle. Tena si kusema tu. Kwetu mkalimani wa sinema alikuwa na ruhusa ya kubishana na picha. Mzungu akisema mbu huzaliana kwenye kopo bovu, mimi naongeza, "Na kwenye pipa lako wewe mama wa mbele, usijifanye husikii." Yule mama naye hunijibu palepale, na uwanja mzima ukacheka. Sinema ambayo watazamaji hawakuijibu tulisema imelala.

Nililetwa Sweden mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea ufundi wa mashine za sinema. Mafunzo yakaisha, kazi nikapata, na baridi nikaizoea kwa shingo upande. Nilikuwa nazungusha mikanda kwenye sinema ndogo ya mtaa wa Södermalm. Mwenye sinema alikuwa mama mjane wa Kiswidi, mtu mkimya mwenye moyo mkubwa, na Jumamosi moja kila mwezi, kabla ya saa sita mchana, alituachia ukumbi sisi watu wa Kiswahili bila kudai chochote. Tulikuwa na ushirika wetu, Watanzania wengi na Wakenya wachache. Jumapili tulisali kwenye ukumbi wa kanisa tulioazimwa. Jumamosi hiyo moja tulitazama sinema ili tujifunze Kiswidi. Wengine walitoka Södertälje kwenye kiwanda cha malori, wengine Märsta kwenye usafi wa uwanja wa ndege, wengine vyuoni. Mimi nilikaa juu, kwenye chumba cha mashine, nikipunguza sauti ya picha na kusema Kiswahili kwenye kipaza sauti, na wao chini wakijibu kama ilivyo desturi.

Kwenye ushirika huo ndiko nilikompata mpenzi wangu. Alikuwa Mkenya wa Taita, anasomea uuguzi, na ndiye aliyekuwa besi ya kwaya. Nasema besi ya kwaya kwa sababu hakukuwa na nyingine. Waliobaki walikuwa wanaume wa kuunguruma tu. Siku ya kwanza aliposikia ninavyoomba chumvi mezani alicheka. "Nyinyi Watanzania," akaniambia, "nyumba ikiungua mtaanza na samahani." Nikamjibu kwamba Wakenya nyumba ikiungua wanauliza kwanza ni ya nani. Basi, tukaendelea kubishana hivyo mpaka tukajikuta tunapanga pamoja chumba na jiko huko Hornstull. Watu wa ushirika walitusifu kwa kubana matumizi. Sikuwahi kumwona mtu mzuri kama yule, na kila nilipomsikia akiimba nilikuwa nikijisemea moyoni, huyo ni wangu.

Shida ilikuwa imani yake. Si kwamba mimi sikuwa nayo. Mimi nilimwona Mungu kama baba anayenijua toka utotoni, ambaye hana la kushangaa tena kwangu. Yeye alimwona kama mkaguzi. Tukilala vizuri, akiamka anapiga magoti muda mrefu, na nikimuuliza anaomba nini ananiambia, "Lala, bwana wee." Majira ya baridi ya mwaka ule alikonda. Jioni moja akaniambia amekwenda kwa mzee wa kanisa na kuungama kwamba analala na mtu pasipo ndoa.

"Umemwambia ni nani?" nikauliza.

"Hakuuliza. Amedhani ni Mswidi. Msichana."

Mzee huyo alikuwa zamani mwinjilisti huko kwetu, sasa anafunga injini za malori Södertälje, na sheria za kanisa la nyumbani alizibeba zote kwenye sanduku alilokuja nalo. Kwetu Walutheri, mtu akianguka hutengwa, hali chakula cha Bwana mpaka siku atakaposimama mbele ya watu, atubu, apokewe. Tunaita kurudi kundini. Mzee alishapanga yote. Jumapili ya baada ya sinema, mpenzi wangu angesimama, angerudi kundini, kisha angepanda ndege kwenda Taita, ambako mama yake alikuwa na binti wa kumwoza. Sanduku lake lilikuwa tayari chini ya kitanda chetu. Nililigonga kwa ufagio kila nilipofagia, na kila nilipoligonga nilikasirika upya.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe una nguvu," akasema.

Nilitamani kumtupia sufuria. Nguvu ninazo, lakini nani alimwambia mwenye nguvu hahitaji mtu?

Sasa, wiki hizohizo kwenye sinema yetu kulikuwa na picha moja ya Kiswidi ya mambo ya kaskazini. Tangazo lake ukutani lilionyesha mhubiri mwenye Biblia, kanisa dogo la mbao, na theluji mpaka madirishani. Mzee alilipita akiwa anatoka kununua samaki, akaja kunitafuta.

"Kijana, Jumamosi tuonyeshe ile. Ile ya uamsho."

"Mzee, ile ina mambo."

"Mambo gani?"

"Ya mapenzi, mzee."

"Mapenzi ya Mungu?"

"Na hayo yamo."

Akaridhika, akaondoka na samaki wake. Mimi sikudanganya neno hata moja, na mpaka leo nalisema hilo kifua mbele.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa mhubiri, kijana wa kiume, anampenda mwanamume ambaye kazi yake ni kusukuma magogo yaelee mtoni theluji inapoyeyuka. Baba anagundua. Kijana anatakiwa achague kati ya mtu wake na kanisa la baba yake. Picha za namna hiyo nilikuwa nimezungusha kadhaa, za Waswidi na za wengine, na zote nilizichukia kwa sababu moja: mwishoni kanisa lilishinda. Mmoja alikufa au mmoja aliondoka. Wenye kutengeneza picha walitupa saa nzima ya kupendana, kisha wakatunyang'anya dakika za mwisho, watu wakatoka wakifuta machozi na kusema imependeza sana. Imependeza nini?

Jumamosi ikafika. Nilimwona mpenzi wangu kupitia kidirisha cha chumba cha mashine, amekaa viti vya nyuma peke yake. Mzee alikaa mbele, kofia magotini, pembeni mkewe na birika kubwa la chai na kapu la maandazi. Mkanda wa kwanza ulikwenda raha mustarehe. Mhubiri alipohubiri, mimi nilihubiri kwa sauti nene, na ukumbi ukaitikia amina. Mtu mmoja akasema, "Mswidi kumbe naye anajua."

Mkanda wa pili wale wawili wakakutana ghalani.

Hapo ningeweza kukwepa. Nilikuwa na kipaza sauti, na nusu ya watu kule chini Kiswidi chao kilikuwa cha kuombea mkate tu. Ningesema hawa ni ndugu waliopotezana, na wengi wangekunywa hiyo chai kwa amani. Nikamtazama yule wa viti vya nyuma, mabega yameanguka, nikasema moyoni, la, leo sifichi. Mficha uchi hazai. Yule wa magogo akasema maneno yake, nami nikayasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti yangu mwenyewe bila kuigiza: "Nakupenda. Sioni aibu. Aliyeniumba anajua, na wewe unajua, basi wametosha."

Hakuna aliyejibu. Watu wawili waliamka wakatoka. Mzee alikohoa. Mtu mmoja katikati akasema, "Mkalimani, hebu zima hiyo."

Mke wa mzee akageuka kwenye kiti chake. "Mwacheni mkalimani afanye kazi yake," akasema. "Tumekuja kujifunza Kiswidi." Na mama yule alikuwa haingiliwi anapozungumza.

Nikaunganisha mkanda wa mwisho, na nashukuru haukukatika. Tukafika mwisho. Kijana amesimama ngazi za kanisa, mkono wa baba yake begani. Yule wa magogo yuko barabarani na furushi lake. Anamuuliza swali moja, nami nikalisema kwenye kipaza sauti: "Unakuja?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshalisikia usiku na mchana wiki zile zote. Kijana anainamisha kichwa na kusema, Jag kan inte. Siwezi. Ni maneno ambayo kila mgeni Sweden huyajua kabla ya kujua kuomba maji, na ukumbi mzima uliyasikia kwenye picha, kwa sauti ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuyasema kwa Kiswahili. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi, niliyewahi kusemea mbu na wakulima na mawaziri, nilishindwa neno moja. Nikiliacha litoke kinywani mwangu, niliona, nitakuwa nimemfungia sanduku lake kwa mikono yangu. Picha ikaendelea kimya. Yule wa magogo barabarani anangoja tu.

Ndipo kutoka viti vya nyuma ikatoka besi, taratibu, kama mtu anayejibu simu ya nyumbani kwake.

"Nakuja."

Vichwa vyote vikageuka. Alikuwa amesimama. Hakumtazama mtu yeyote. Aligeuka akatazama juu, kwenye kidirisha changu, na mwanga wa mashine ukampiga usoni. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini yeye hakukohoa; alisema wazi, kwa Kiswahili, mbele ya watu aliokuwa anawaogopa kuliko mauti. Nililia palepale, na wala sikumficha mtu, ingawa hakukuwa na wa kumficha, nilikuwa peke yangu na mashine.

Taa zilipowaka, mzee alipanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Ngazi zile zilikuwa kali na magoti yake hayakuwa mazuri, akapumzika mlangoni kwanza. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Kumbe yule Mswidi ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mzee."

Akavaa kofia. "Kesho iko palepale. Nitamwita, na yeye atajua la kufanya." Akateremka. Chini nilimsikia mkewe akisema chai inapoa, na akamwambia mpenzi wangu achukue maandazi mawili maana amekonda.

Tukarudi nyumbani. Hakulitoa sanduku, na hakulifungua pia. Sikumuuliza kitu. Neno la ukumbini, gizani, ni jambo moja. Mbele ya madhabahu, mchana kweupe, ni jambo jingine, na nilijua kama atatubu kesho basi ile "nakuja" ilikuwa ya sinema tu.

Jumapili ukumbi wa kanisa ulijaa kuliko kawaida, habari zilikuwa zimefika Märsta kabla ya sisi kuamka. Tulikaa nyuma, kwa sababu mpenzi wangu alikuwa ameshaambiwa mlangoni asikae kwayani. Walikaa mbele wenyewe, wale wa kuunguruma, na pengo lake katikati. Baada ya somo mzee akasimama.

"Kuna ndugu anayetaka kurudi kundini," akasema. "Asimame."

Akasimama. Nilitazama sakafu, nikaanza kuhesabu mbao ili nisisikie.

"Mzee," akasema, "nimekusumbua bure, unisamehe. Kurudi hurudi aliyetoka. Mimi nimeangalia vizuri, naona sijatoka popote." Akakaa. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, mahali ambapo kila mtu angeuona, na akauacha pale.

Mzee alibaki amesimama. Sijui alikuwa akifikiri nini, na sitamsemea. Nimesemea watu wengi lakini yeye hakuwa picha. Alitangaza kwamba sisi wawili tutakaa mbali na meza ya Bwana mpaka atakapoongea na wakubwa wa nyumbani. Tulikaa mbali nayo miaka. Ila mezani pa chai hatukukosa hata mara moja, na mwezi uliofuata mzee mwenyewe alikuja kuniuliza sinema ni ipi, maana mkalimani mwingine hakuwepo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jumapili ile alifungua kitabu, akataja namba ya wimbo, na kwaya ikaanza. Ilianza vibaya. Soprano zilipanda peke yao, wanaume wakaunguruma wakipapasa, na mwalimu wa kwaya akaanza kupiga mkono kwa hasira. Ubeti wa kwanza ukaenda hivyohivyo, unayumba.

Ubeti wa pili mpenzi wangu akavuta pumzi. Hakusimama, wala hakuuachia mkono wangu. Besi ikatoka viti vya nyuma, na kwaya nzima ikaifuata.