Paja la Gesare

Mwaka 1964 Gesare, fundi cherehani wa soko la Migori, alianguka kutoka juu ya lori la mahindi karibu na Ogwedhi, akavunjika paja. Mzee mmoja aliyejua kuunga mifupa alimfunga kwa vijiti. Mfupa uliunga, lakini vipande vilikuwa vimepandana, na mguu wa kulia ukabaki mfupi kwa upana wa vidole vinne.

Baada ya mwaka mzima akaenda hospitali ya misheni upande wa Homa Bay. Daktari akamwambia, "Tutauvunja pale pale ulipoungia, kisha tuuvute polepole kwa uzito. Utalala chali miezi mitatu."

Walipotoka nje, mumewe, Ombati, akamwambia, "Mama Nyarangi, mimi sijalalamika. Usiteseke kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako. Nataka kukanyaga cherehani yangu."

Wakauvunja tena mfupa, wakampitisha chuma kwenye mfupa wa chini ya goti, wakafunga kamba na mfuko wa mchanga ukining'inia miguuni pa kitanda. Kila Jumapili Ombati alikuja kwa baiskeli. Wiki ya sita picha ya eksirei ilionyesha mfupa mpya umeanza kujijenga, ila paja lilikuwa likipinda kwa nje. Daktari akaihamisha kamba, akaweka mto pembeni. Siku hiyo Gesare alilia, akamgeuzia mumewe kisogo.

"Usinitazame. Hata nywele zangu zimekuwa kama kiota."

Ombati alitafuta kitana. Wanawake wa wodini wakacheka, lakini Dolphine, Mjaluo wa kitanda cha jirani, akamwelekeza: "Shemeji, gawanya tatu. Usivute hivyo, huyo si ng'ombe." Mstari wa kwanza ulikwenda kombo. Akaufumua, akaanza upya. Kufikia wa nne, Gesare alikuwa amelala usingizi, na Ombati akaendelea kusuka taratibu asije akamwamsha.

Mwezi wa nne walimsimamisha kwa magongo. Paja lilikuwa limenyooka. Mguu sasa ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja tu, na daktari akasema soli nene ingetosha. Ombati alirudi nyuma kinyumenyume mbele yake, mikono ameitandaza.

"Usinishike, baba Nyarangi."

"Sijakushika."

Walifika dirishani, wakapumzika kidogo, wakarudi.