Mkwe wa Mama Rukiah

Nikisema nilikuwa mjinga, msinitetee. Mimi Odoch, mwalimu wa fasihi, nilisimama mbele ya darasa huko Old Kampala mwaka wa sabini na mbili nikifundisha ubaya wa ubaguzi, halafu kengele ya chakula ikilia, nakwenda kubagua.

Riwaya yetu ilikuwa ya zamani, ya Waingereza, kurasa zimeshaanza kuachia. Ndani yake baharia mweusi anahamia kijijini, na wanakijiji wanakataa kuchota maji kwenye kisima alichotia ndoo yake. Wee! Sura hiyo nilikuwa naisoma kwa hasira hadi mate yananiruka. Nje, maduka ya Wahindi yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, wenyewe wameamriwa waondoke nchini, na wanafunzi walielewa kwa nini sauti yangu inatetemeka.

Mpishi wa shule alikuwa Mama Rukiah, Rukiah likiwa jina lake mwenyewe, Mnubi wa Kawempe, mjane mwenye watoto wanne wa kiume na mdomo usiochoka. Alisonga posho, yaani ugali wa mahindi, ya watu mia mbili kila siku, na kazi ikiisha alikaa kizingitini kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Kila mtu shuleni alikula kwake isipokuwa mimi. Nilijiletea muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Wanubi ni watu wa jeshi, nilijisemea, na jeshi linaua Waacholi wenzangu; nani ajuaye anatia nini sufuriani? Mama wa watu hajawahi kushika bunduki maishani mwake!

"Mwalimu, chakula yangu iko na sumu?" alikuwa ananiuliza, watoto wanacheka.

Nilisingizia tumbo.

Septemba ile askari waliingia shuleni saa ya chakula, wakisaka Waacholi na Walango. Koplo mmoja, kijana Mnubi wa kutoka Bombo, alisimama mbele yangu. "Wewe kabila gani?" Gari lao lilikuwa linanguruma langoni, na waliopandishwa gari lile hatukuwaona tena.

Mama Rukiah akatoka jikoni, mwiko unachuruzika. Alimsemesha kwa Kinubi, kisha akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Muache huyo. Huyo mkwe yangu. Anaoa Faridah yangu."

Haki ya Mungu, Mama Rukiah hakuwa na binti!

Koplo alicheka kwa pua. "Mkwe? Basi kaa hapo na mama, kula naye tuone." Akachota posho mwenyewe, akaiweka sahani katikati yetu.

Mtu mwingine angekula mbio ili aokoke. Mimi mwenyewe nilitaka kula, naapa. Lakini kwetu Acholi mwanamume hawezi kula mbele ya mama wa mke wake. Nimelelewa hivyo, na neno mkwe lilipokwisha kutamkwa, mwili ulitii kabla ya akili. Niliinamisha macho, nikajiondoa polepole, nikaenda kuchuchumaa nyuma ya ukuta wa jiko. Nilingoja risasi. Badala yake nikamsikia koplo akicheka sana. Kumbe kwa Wanubi nako ni vivyo hivyo! Mkwe wa uongo, aliwaambia wenzake, angeshaimaliza ile sahani. Wakapanda gari lao wakaenda.

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama wa watu analia.

"Kwa nini, mama?" niliuliza. "Wangekuua pamoja nami."

"Nasikiaga dirishani unasomea watoto ile ya kisima," alisema, akivuta kamasi. "Nikasema, huyu moyo yake iko mzuri. Ni tumbo tu ndiyo mbaya."

Macho ya watu yalikuwa mengi, kwa hiyo ilibidi niendelee kuwa mkwe. Kesho yake, adhuhuri, niliikuta sahani chini ya ukuta, imefunikwa kawa mpya, nyekundu na zambarau. Yeye alikuwa amesharudi ndani.

"Sasa uko na sababu ya kweli ya kukataa kukula na mimi!" akanitania kutoka jikoni.

Nilifunua kawa. Posho, maharage, kitunguu kimekaangwa juu yake. Nilikula huku machozi yananitoka, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama, nikaipangusa sahani kwa kidole mpaka ikang'aa.

"Mkwe, chumvi imetosha?"

"Imetosha, mama. Asante. Na unisamehe ile mihogo."

Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Kesho nitakuongezea maharage," akasema.