Asilimia Tisini ya Nani?

Simu iliingia saa nne na nusu asubuhi, Jumanne, nikiwa katika jiko la shule ninapopikia watoto, mikono yote miwili imezama kwenye viazi vya kuponda. Aliyepiga ni Duane Poppen, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa mji wetu.

"Darlys," alisema, "ni Gaylen. Yuko hapa kwangu, uani."

Nikamuuliza kama lori limekwama tena. 

"Hapana, dada. Ameketi kwenye ngazi ya lori. Ameketi tu. Nimewaita watu wa gari la wagonjwa, wamekuja, wamesema hakuna la kufanya."

Nitasema kweli, maana Mungu anaijua hata nisipoisema. Kilichonijia kwanza hakikuwa kilio, ilikuwa hasira. Kaka yangu alikuwa ameniahidi kwamba jioni ile ile, saa moja, angempa binti yake jibu. Tulikuwa tunalisubiri jibu hilo tangu mwezi wa pili, na zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla ya tarehe moja, siku ya mwisho ya kuchagua chuo. Naye amekwenda kufia kwenye ngazi ya lori.

Gaylen Hinrichs alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikusanya maziwa mashambani, hapa hapa Iowa, katika wilaya tulikozaliwa. Watu hudhani kazi hiyo ni kuendesha lori tu. Sivyo. Mwenye lori ndiye hakimu. Anafungua kifuniko cha tenki la mfugaji, anainama, ananusa, anapima joto, anachota kidogo kwenye chupa ya maabara, ndipo anaunganisha mpira wa kuvuta maziwa. Akisema hapana, maziwa ya siku mbili yanamwagwa, hata kama mwenye maziwa ni shemeji yake. Nalijua hilo, kwa sababu aliwahi kulikataa tenki letu, zamani mimi na mume wangu tulipokuwa bado tunafuga. Jumapili iliyofuata alikaa nasi benchi moja kanisani, akatupitishia kitabu cha nyimbo kana kwamba hapakuwa na lolote. Mume wangu alikaa mwezi mzima bila kusema naye. Gaylen hata hakutambua.

Mkewe, Renae, alifariki binti yao Annika akiwa na miaka saba. Mtoto akalelewa na baba yake asubuhi na mimi mchana. Alipofika kidato cha mwisho alisema anataka kuwa daktari. Watu kanisani wakadhani ni kwa ajili ya mama yake, na wengine wakatoa machozi. Annika mwenyewe alisema anapenda kemia, basi.

"Kwa hiyo miaka minne, na wewe ni daktari," Gaylen alimwambia.

"Hapana, Baba. Miaka minne ni ya kujiandaa. Halafu naomba upya kuingia chuo cha udaktari. Huko nako miaka minne."

"Kujiandaa miaka minne? Mimi niliandaliwa kuendesha lori kwa wiki tatu."

"Ndiyo maana uligonga ghala la Poppen."

"Ghala lile lilikaa vibaya."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, na mimi nilizoea kukaa katikati yao na kikombe changu cha kahawa. Ila barua za vyuo zilipokuja, utani ulikwisha. Chuo chetu cha Kilutheri, ambako hata mchungaji wetu alisoma, kilikuwa kimefungwa miaka miwili kabla. Vyuo vilivyomkubali kwa ufadhili vilikuwa viwili, na vyote viwili ni vya Wakatoliki. Kimoja, Mtakatifu Walburga, ni kidogo, kiko mwendo wa saa moja kutoka kwetu, kimeanzishwa na masista. Kingine, Mtakatifu Kolumba, ni kikubwa, kiko mwendo wa saa nane, kina hospitali yake na chuo chake cha udaktari ng'ambo ya barabara. Annika alikitaka cha mbali. Baba yake hakutaka hata kimoja, lakini hakusema hapana. Laiti angesema. Alisema tu, "Bado sijanusa."

Tukaenda kunusa, sisi watatu. Tulianza na Walburga, mwezi wa tatu. Mama mmoja mzee aliyevaa sweta ya kijani na viatu vya michezo alitutembeza madarasani kwa muda mrefu. Mwishowe Gaylen akamuuliza, "Samahani, mama, sista tutamwona saa ngapi?"

"Umetembea naye tangu saa tatu, Bwana Hinrichs."

Annika alicheka hadi akajishika ukutani. Gaylen akawa mwekundu, lakini alikuwa amekuja na maswali yake, akayatoa. Je, mwanafunzi asiye Mkatoliki atalazimishwa kwenda Misa?

"Hapana kabisa," alisema sista. "Hata Wakatoliki wetu wengi hawaendi."

Alidhani anamtuliza. Njiani kurudi kaka yangu alipiga usukani kwa kiganja. "Hawaendi! Sasa hicho ni chuo cha dini gani?"

"Baba, unataka nilazimishwe au nisilazimishwe?"

"Nataka wawe kitu kimoja!"

Mimi nilimwelewa, ingawa alinichosha. Mtu wetu akiogopa jambo, hutaka liwe na sura moja anayoijua. Alichokiogopa nilikijua tangu mwanzo, kwa sababu aliniambia mimi na hakumwambia Annika. Upapa haukumshughulisha, wala sanamu. Aliogopa binti yake aje kupiga magoti kwenye meza nyingine, na kwenye ile ya kwetu awe mgeni. Tangu Annika apate kipaimara, Meza ya Bwana waliiendea pamoja, bega kwa bega, kila mara. Baada ya Renae kufariki, hicho ndicho kitu pekee walichokuwa wakikifanya wawili bila kubishana.

Tulikwenda Kolumba wiki mbili kabla ya Pasaka. Jumamosi, kijana mmoja mwenye tai alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema kwamba asilimia tisini ya wanafunzi wao wanaoomba udaktari hupokelewa. Wazazi walipiga makofi. Gaylen akainua mkono.

"Asilimia tisini ya nani?"

"Samahani?"

"Ya walioanza, au ya mliowaruhusu kuomba?"

Kijana akaeleza, kwa maneno mengi, kwamba ipo kamati, na kamati humwandikia barua mwanafunzi inayemwona yuko tayari, na asiye na barua ya kamati kwa kawaida hushauriwa asiombe.

"Yaani mnamwaga maziwa mabovu kwanza," alisema kaka yangu, "halafu mnapima yaliyobaki na kusema ng'ombe wote ni wazima."

Watu wachache walicheka. Annika alitazama viatu vyake. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, naye hakulisikia, kwa sababu aliyeliuliza ni baba yake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Gaylen hakuwahi kukosa ibada isipokuwa siku ya theluji kubwa. Kanisa la Kilutheri hatukuliona karibu, akasema haidhuru, tutaingia Misa ya chuo, Mungu ni yule yule. Tukakaa nyuma. Kanisa lilijaa vijana. Kila kitu kilikwenda salama hadi Sala ya Bwana. Wenzetu Wakatoliki hukomea kwenye "maovuni", wakanyamaza ili padri aendelee. Kaka yangu hakujua kusimama hapo. Miaka hamsini alikuwa hajasimama hapo. Kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, peke yake katika kanisa zima lililokuwa kimya, alisema, "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Amina."

Vichwa mia tatu viligeuka. Padri akatabasamu, akasema sehemu yake, kisha wote wakayasema maneno yale yale, na safari hii Gaylen peke yake ndiye aliyekaa kimya.

"Baba, utaniua," Annika alinong'ona. Na watu walipoanza kwenda komunyo, aliinuka, akaingia kwenye mstari.

Tulimwona mgongo tu. Mgongo wake ulikwenda mbele, ukasimama kwa padri, ukainama, ukapinda pembeni. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kama mtu aliye kwenye gari linaloteleza.

Saa nane za kurudi alisema sentensi moja tu: "Nani anataka kujisaidia?"

Siku iliyofuata, tukikausha vyombo kwangu, nilimuuliza msichana moja kwa moja.

"Sikula, shangazi," alisema. "Tulitangaziwa, asiye Mkatoliki anakunja mikono kifuani, anapewa baraka. Nilikunja. Padri akanibariki. Basi."

"Sasa si umwambie?"

"Aniulize mwenyewe. Ana mdomo wa kuuliza ukumbi mzima, mimi anashindwa?"

"Annika, ni mtu mzima."

"Basi mtu mzima aulize. Na wewe usimwambie. Niahidi."

Niliahidi. Nimeomba msamaha kwa ahadi nyingi nilizovunja maishani. Hii ndiyo pekee ninayoomba msamaha kwa kuitunza.

Ikaja Pasaka. Kanisani kwetu, benchi letu lilipoinuka kwenda Mezani, Gaylen alisimama kwenye njia akamngoja. Alimngoja hadi watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Annika alibaki amekaa, mikono mapajani, ametazama dirisha. Alikuwa amekasirika tu, kama msichana yeyote wa miaka kumi na minane. Lakini baba yake aliona ushahidi. Alikwenda peke yake, akarudi, akaimba nyimbo zote zilizobaki bila kufungua kitabu.

Jumatatu mchana nilimpigia simu nikiwa nimechoka nao wote wawili.

"Wewe kaka, utamjibu mtoto lini? Tarehe moja haikungoji."

"Amekwisha kula kule, Darlys. Anijibu nini tena, au nimjibu nini?"

"Muulize."

"Niliona kwa macho."

"Uliona mgongo! Maziwa huyakatai kwa kuona mgongo wa tenki. Muulize, kichwa kigumu wewe!"

Nilisikia saa ya jikoni kwake. Kisha akasema, "Kesho saa moja jioni. Nitamuuliza, kisha nitatoa jibu langu. Njoo na wewe, usije na ile keki kavu."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Ningesema maneno matatu zaidi, angekwenda kulala akijua.

Alipoketi kwenye ngazi, mpira ulikuwa bado umeunganishwa na tenki. Tulimuuliza Duane Gaylen alikuwa amesema nini asubuhi ile. Tulimuuliza mara mbili, mimi na Annika. Maskini alijitahidi sana kukumbuka. "Alisema joto la tenki limepanda digrii mbili," alisema. "Akasema nimwite fundi." Hakukuwa na lingine. Tulitafuta kwenye lori, kwenye meza yake, kwenye mifuko. Alikuwa ameandika tarehe ya kubadilisha mafuta ya injini.

Jumatano Annika hakutoka chumbani. Alhamisi alishuka, akakaa mezani kwangu na simu, akapiga Kolumba. Aliuliza, kati ya wanaoanza masomo yale, ni wangapi huingia udaktari. Walimhamisha ofisi ya pili, ya tatu, kisha wakamwomba aandike barua pepe. Akapiga Walburga, akapokea yule sista wa sweta.

"Ngoja nichukue daftari," alisema sista. Tukasikia kiti kikiburutwa. "Darasa la mwaka jana walianza ishirini na sita. Tisa waliacha wenyewe, sita walimaliza bila kuomba. Walioomba ni kumi na mmoja, na wawili kati yao tuliwaambia hawajawa tayari, wakaomba hivyo hivyo. Walioingia ni saba. Mwanangu, siyo idadi ya kujivunia, lakini ndiyo idadi."

Annika alimshukuru, akakata, akawaandikia Walburga kwamba anakwenda. Sikumzuia wala sikumsifu. Hakikuwa chuo alichokipenda, na mpaka leo sijui kama ndicho ambacho kaka yangu angekichagua. Pengine angesema vyote viwili vimwagwe. Linaniudhi jambo hili la kutojua. Nalipeleka kwa Bwana kila asubuhi na kila asubuhi narudi nalo.

Tulimzika Jumamosi. Kabla jeneza halijafungwa, mchungaji aliwatoa watu, tukabaki mimi na Annika. Annika aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kupitia dirisha la gari. "Sikula, Baba. Nilikunja mikono. Na nakwenda Walburga." Akaona tai ya baba yake imekaa upande, akainyoosha. Nikamwita mtu wa huduma za mazishi, akalifunga jeneza.

Madereva sita wa malori ya maziwa walilibeba. Makaburi yako nyuma ya kanisa, kwa hiyo tulitembea. Upepo ulikuwa wa baridi na ardhi ilikuwa na tope. Mchungaji alisoma, akatupa udongo mara tatu, Annika akatupa, nikatupa, tukaimba ubeti mmoja. Kisha tukashuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, akina mama walikuwa wametengeneza mikate ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, tukala, na saa tisa watu wakaenda kukamua.