Namna Baba Alijifunza Kusimama ku Phonie

Asubuhi moja ya siku ya posho, ile siku ya mwisho wa juma, wakati wa vita, tulikuwa batu batano na sauti moya mbele ya phonie kule Luofu, na bote ningali nabakumbuka. Kulikuwa Mama Zaina, mwenye phonie, mama Muislamu wa Beni mwenye alikuwa ananunua maharagi yetu na kuyatuma Butembo. Kulikuwa muzee Paluku, katekista, rafiki wa baba yangu tangu utoto wao. Kulikuwa Mama Katungu, mama ya bwana yangu, ni kusema mukwe wangu. Kulikuwa Mbusa, ndugu yangu mwenye alinifuata ku tumbo. Na miye, Kahindo, mwanamuke wa batoto batatu lakini mbele ya bale wakubwa nilikuwa ningali mutoto. Na ile sauti ilikuwa ya Faustin, kine wa Butembo, munganga mwenye kazi yake ni kufundisha tena mwili wenye umesahau kutembea. Ilikuwa siku ya kuungama kwangu, mwana wangu, na padri hakukuwa.

Phonie ni redio ya kusemea mbali. Wakati ule telefone ya mukono haikukuwa imefika kwetu. Unashika kitufe, unasema, unamaliza na «à vous», unaachia, na mwenzako wa mbali anasema naye. Mais lakini haina siri. Neno unasema, bote wenye kungojea zamu yao nyuma yako banalisikia. Shika ile kwanza, kwa sababu ile njo ilinipoteza.

Baba yangu, Kambale, alikuwa mulimaji wa biazi. Shamba lake lilikuwa ku kilima chenye kusimama sawa ukuta, na alikuwa anakipanda na muzigo ku mugongo bila kupumzika. Kisha mukono wake wa kuume ukaanza kutetemeka. Kisha hatua zikakuwa fupi fupi, sawa za mutu mwenye kutembea ndani ya nyumba asiyoijua. Akifika ku mulango, miguu inanata chini. Mwili unataka kwenda mbele, miguu inakatala. Bamoya balisema ni sumu. Bengine balisema mengine yenye sitaandika hapa. Tukamupeleka Butembo, docta akatuambia ni Parkinson, ugonjwa wa ndani ya kichwa, hakuna mutu amemuroga. Hauponi, akasema, lakini unaweza kuufundisha adabu. Faustin akafanya naye mazoezi juma mbili. Tukarudi Luofu na dawa, na njia ikafungwa nyuma yetu juu ya vita.

Sasa usikie vizuri hofu yangu. Wakati ule, masasi ya bunduki yakilia, batu banapanda kilima. Mwenye miguu anapona. Mwenye hana miguu, banamubeba kama nguvu iko, na kama nguvu haiko, banamuachia maji kando ya kitanda na kumuombea. Najua nyumba mbili kwenye bazee balibakia vile, na tuliporudi hatukubakuta bazima. Donc basi kumufundisha baba kusimama haikukuwa mambo ya hospitali tu. Ilikuwa uzima wake.

Njo Mama Zaina akatuokoa. Kaka yake alikuwa na phonie ya pili kule Butembo, ku depo ya maharagi. Akaniambia, «Kine wako apite pale kila siku ya posho, tukimaliza maneno ya maharagi. Nitakupa nafasi.» Hatukukuwa ndugu, hatukukuwa hata wa dini moya, na hakutuuliza kitu. Mungu amukumbuke.

Siku ya kwanza Faustin alisema, «Kahindo, toka hapa simuoni baba. Weye njo macho yangu. Utaniambia kile umeona, hapana kile unapenda. À vous.» Kisha akatupa kazi. Akishakunywa dawa na saa moya ikipita, baba asimame toka ku kiti mara kumi, bila kuvutwa mikono. Aguse ukuta, apeleke uzito wake ku muguu wa kuume, kisha ku wa kushoto. Tukate matete kumi, tuyalaze chini sawa ngazi, ayavuke moya moya, na sisi tumuhesabie kwa sauti, juu kwa ule ugonjwa miguu inatii macho na masikio kuliko kichwa. Mutu moya akae nyuma yake karibu, tayari, lakini bila kumushika. Na kugeuka, akasema, «ageuke sawa camion, lori kubwa, ku kona ya Kanyabayonga, pole pole, na nafasi kubwa. Hapana sawa soda, askari wa gwaride.» Mustari wote nyuma yangu ulicheka.

Sasa kosa langu. Kwetu, mutoto mwenye heshima hamuache baba yake ajisumbue. Akitaka maji, unaleta. Akitaka kusimama, unamuinua. Miye na Mbusa tulikuwa tunamushika ku makwapa, kila mutu upande wake, na bapita njia banasema, tazama batoto wazuri bale. Lile neno lilikuwa tamu kwangu, sikufiche. Na lupango yetu, kiwanja cha nyumba, ilikuwa wazi, kila mutu wa kwenda soko anaona ndani. Nikajiuliza, Kambale mwenye alilima kile kilima, leo bamuone anavuka matete sawa mutoto wa mwaka moya, na binti yake anamuhesabia? Nikakatala. Nilijaribu mara mbili ndani ya nyumba, na mulango umefungwa. Nikaona anapepesuka, roho ikanitoka. Matete nikayatia jikoni. Yaliwaka vizuri.

Siku ya posho ikafika. Faustin akauliza, «Matete ngapi? À vous.» Nyuma yangu alikuwa mukwe wangu, na katekista. Nikashika kitufe, nikasema, «Matatu, bila shida. À vous.» Batu bakapiga mikono. Juma ya pili nikasema sita. Juma ya tatu nikasema kumi, na Mama Katungu akanishika bega mbele ya bote, yeye mwenye hakuwa ananisifu kwa kitu. Faustin naye alifurahi. Mais kine akifurahi anaongeza kazi. «Vizuri. Sasa arudi kinyumenyume hatua tano, bila ukuta. À vous.»

Nilizani ile neno litabakia ku phonie. Nilisahau katekista iko na miguu. Kesho yake, kisha misa, muzee Paluku akaingia kwetu na kucheka. «Kambale, nasikia unavuka kumi, na sasa utarudi kinyumenyume. Nionyeshe basi, ao ni siri ya batu wa Butembo?»

Baba akaniangalia. Hakukuwa mutu wa kusema siwezi mbele ya rafiki yake. Akainuka toka ku kiti, akarudi nyuma hatua moya, ya pili. Ya tatu haikufika. Alianguka sawa muti, na nyushi yake ikapasuka ku ngazi ya mulango.

Nilipokuwa ninamusafisha damu, akaniambia na ile sauti yake yenye ugonjwa ulikuwa umeifanya ndogo, «Kahindo, ule Kambale wa ku phonie, mwenye anavuka kumi, ni nani?»

«Ni weye, baba.»

«Hapana. Ule miye simujui. Na siku ya kukimbia, yeye njo atapanda kilima. Miye nitabaki hapa.»

Nimesikia maneno makali katika maisha yangu, mwana wangu, hata ya basoda. Hakuna lenye lilinipata sawa lile.

Donc njo ile siku ya posho yenye nilianza nayo. Nilishika kitufe. Nikasema, «Faustin, hakuna tete hata moya. Nilidanganya juma tatu. Baba alitaka kurudi nyuma, akaanguka. À vous.»

Mama Katungu akavuta pumzi. «Na miye nilishamusifia soko nzima,» akasema.

Faustin hakugomba. Aliuliza, «Alianguka upande gani? Ilikuwa wakati gani kisha dawa? Hajatapika, anasema sawa kila siku? À vous.» Nikajibu yote. Kisha akasema, «Kahindo, ile juma tatu nilikuwa nafundisha mutu mwenye haiko. Na baba yako alikuwa pale, anangojea. Miye sitafuti sifa, natafuta kujua ni wapi anaangukia. Tunaanza ku sufuri. À vous.»

Mbele nijibu, Mama Zaina akaninyanganya mikro. «Kine, hapa ni Zaina. Kama ni kuhesabu, Luofu hapa kila mutu anajua kuhesabu. Tutaenda kumuhesabia, na huyu mutoto tutamuchunga. Terminé.»

Na balikuja kweli. Nilitaka kulaza matete mapya ndani ya nyumba. Baba akasema, «Acha nje. Bale bote wenye kupita pale nilibafundisha kupanda biazi. Na baone hii pia.» Siku ile ya kwanza alivuka tete moya. Mama Katungu alisema «moya», tukangojea, akasema tena «moya», tukangojea, mpaka Paluku akamuuliza kama kwao njo hesabu inaishia pale. Baba alicheka, na kwa kucheka muguu ukaachia, akavuka la pili. Mbusa alikuwa nyuma yake, mikono ameifunga ku mugongo wake mwenyewe ili asimushike bure. Ile njo kazi ngumu kupita zote, kukaa karibu na mutu unapenda na kumuacha apepesuke.

Toka pale, nilisema ukweli. Juma yenye alishindwa, nilisema ameshindwa, na Faustin akapunguza. Juma yenye miguu ilinata ku mulango kila siku, alinifundisha kulaza muguu wangu mbele ya wake, ili auvuke sawa tete. Mbele ya mavuno ya maharagi, alikuwa anasimama toka ku kiti mara kumi bila kusaidiwa na anavuka matete nane. Nane ya kweli.

Kisha asubuhi moja masasi yakalia upande wa Kanyabayonga. Mbusa akakimbia kuleta tipoye, kile kiti cha kubebea mugonjwa. Baba akakiangalia. «Tieni ndani batoto ya Kahindo,» akasema. Akasimama mwenyewe, akageuka na nafasi kubwa, pole pole, akatoka ku lupango.

Chini ya kilima kuko kamto, na mbao mbili za kuvukia. Pale miguu ikanata. Nyuma yetu kulikuwa batu na magodoro, na mbuzi, na batoto wenye kulia, na hakuna mwenye angeweza kutupita. Nililaza muguu wangu ku mbao. «Vuka muguu wangu, baba.» Mama Katungu, na sufuria ku kichwa, akasema «moya». Nyuma kabisa mutu akasema «mbili». Na ule mustari wote, batu wenye kukimbia kifo, bakaanza kumuhesabia baba yangu. Kwa tano alikuwa amevuka. Tulipanda masaa tatu, tulipumzika mara nyingi, na alifika juu na miguu yake. Sijawahi kuona kitu chenye kunipa kiburi sawa kile, hata siku ya ndoa zenu bote.

Tuliporudi, nyumba zilikuwa zimebomolewa milango, lakini phonie ilikuwa nzima. Mama Zaina alikuwa ameizika ndani ya shamba, imefungwa na magunia. Siku ya posho baba alienda mwenyewe, akakaa, akashika kitufe. «Faustin, hapa ni Kambale. Nilipanda. À vous.» Faustin akajibu, «Na kushuka je, miguu ilinata wapi? À vous.»

Baba hakupona. Aliishi miaka mingine, ugonjwa ulirudi kumupunguza kidogo kidogo, na alifia ku kitanda chake, kati yetu. Leo bajukuu zangu bananionyesha telefone yenye picha, kine anakuona toka mbali kabisa. Ni vizuri sana. Mais hata picha unaweza kuigeuza upande wenye kupendeza.

Kwa hiyo nakuambia, weye mwenye kuwa na muzazi mwenye kutetemeka. Usimunyanganye kazi ya miguu yake na kuiita heshima. Kaa nyuma yake, karibu, na ungoje. Usimufiche ndani sawa aibu, fungua lupango, batu bamuhesabie. Na mwenye kukusaidia toka mbali, mupe ukweli wote, zaidi siku yenye ukweli ni mubaya, juu hana macho mengine kuliko yako. Mungu akupe mikono yenye kujua kungojea, na ulimi wenye hauogope kusema leo tumeanguka. Akupe bazazi wenye kusimama mbele yako siku nyingi.

Paluku na Mama Katungu balishakufa, na Mbusa anakaa Beni, masikio yake yamechoka. Kama ulikuwa ku ule mustari wa kamto na nimekosa pahali, labda hayakukuwa matete nane, labda haikukuwa masaa tatu, niambie, nitarekebisha. Na weye mwenye ulisema «mbili», sikugeuka, sikuona uso wako. Njo jina pekee lenye linanikosa. Nitumie.