Majani Meusi ya Mwatumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwatumu Bakiri tayari amepiga magoti kwenye bustani iliyo kando ya lango la mtaa mmoja wa nyumba uliozungushiwa ukuta, Midrand, Afrika Kusini. Leo si zamu yake. Amepanda teksi mbili kutoka Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, kuja kutazama mimea tu.

"Nikikaa nyumbani nawaza," anasema, akibonyeza udongo kupima unyevu. "Bora nione kwa macho."

Anachokitazama ni sedumu, mmea mfupi wenye majani manene ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Hupenda jua la kutwa na maji kidogo, na huchanua majira ya joto yanapoishia, maua mengine yakiwa yamechoka.

Mwatumu, 47, mtunza bustani mzaliwa wa Tanga, alipanda miche arobaini Septemba, baada ya mawaridi ya pale kukaushwa na jua. Wazo lilikuwa lake. Kufika Desemba wakazi wakanung'unika, na msimamizi wake Placide, Mkongo wa Bukavu, akamfuata.

"Mama, watu wanasema hii majani imeungua. Machi ikiisha bila maua, tutaing'oa."

"Haijaungua, kaka. Ndiyo rangi yake."

Tangu hapo hakutulia. Februari, Mwatumu akiwa mapumzikoni, mtu aliacha mpira wa maji wazi pale siku tatu. Aliporudi alikuta mimea kumi na saba imeoza, imelala chini.

"Eish, nilivua viatu nikaingia topeni," anakumbuka.

Aliing'oa, akavunja vikonyo vilivyosalimika, akaviacha vikauke pale vilipokatika, kisha akavichomeka mchangani. Alimwambia Placide baada ya kumaliza kazi hiyo.

Wiki iliyopita ile ishirini na mitatu iliyobaki ilichanua maua ya rangi ya waridi, nyuki wakajaa. Mkazi mmoja alisimamisha gari kuuliza jina la mmea huo. Placide naye alikuja kutazama.

"Sharp, mama. Na kule upande wa pili utapanda lini?"

Ndiyo pongezi pekee aliyopata. Mkataba wake unaisha Juni, na hakuna aliyemwambia kama utaongezwa. Vile vikonyo vimeshatoa mizizi, vimejaa kwenye makopo ya rangi nyuma ya nyumba anayopanga.

"Wakinibakiza, sawa," anasema, akijipangusa magoti. "Wasiponibakiza, Septemba nauza miche yangu mwenyewe. Nimeshaongea na mwenye nyumba. Uwanja wa nyuma unapata jua mpaka jioni."